Kati ya Sinia na Chupa

Kabla ya kuandika lolote, natenganisha mambo mawili ambayo watu wa Satwa, mtaa wetu wa Dubai, wameyachanganya. Niliyoyashuhudia ni haya: nilifanya kazi katika duka moja la tumbaku ya kiko, nyuma ya mtaa wa mafundi cherehani, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi hadi Alhamisi niliyokabidhi funguo. Nilichanganya tumbaku kwa mikono yangu, niliionja kwa kinywa changu, na mara moja nilitoa ushahidi uliokaribia kumwondoa nchini mtu asiye na kosa. Niliyoyasikia ni haya: kwamba nilifukuzwa, kwamba niliondoka kwa hasira, kwamba nilichukua siri ya mchanganyiko wa duka nikaiuza Ajman. Sikuwapo yaliposemwa, na waliosema hawakuwapo yalipotokea. Ya namna hiyo nayaacha hapa mlangoni.

Nawaandikia ninyi mtakaosimama nyuma ya kaunta ile. Habari za vyeo hamtazikuta, kwa kuwa dukani vyeo vilikuwa viwili tu: mwenye duka, na wengine.

Nilizaliwa Unguja, nikasomeshwa huko, na nikafundisha jiografia miaka michache kabla ya kumfuata kaka yangu Dubai. Kwa sababu ya ualimu huo wateja waliniita Ustadh, ingawa jiografia niliyoifundisha Satwa haikuzidi kuwaelekeza watalii kituo cha basi. Niliajiriwa niandike barua na kupokea mizigo. Siku ya kwanza sikuandika barua wala sikupokea mzigo.

Mchanganyaji wa duka wakati huo alikuwa Haji Rostam, mzee wa ng'ambo ya pili ya Ghuba, mfupi, mwenye vidole vilivyopauka kwa vumbi la majani. Aliniketisha kwenye kigoda akaniuliza kwa Kiarabu:

"Umekula?"

"Bado."

"Vizuri."

Akanipa kiko. Ieleweke kwamba sizungumzii kiko cha Kizungu chenye tumbo kubwa, ambacho mtu hukaa nacho mchana kutwa kama mgeni asiyeaga. Chetu ni midwakh, kijiti chenye urefu wa kalamu, na kichwa chake hakipokei tumbaku zaidi ya ukubwa wa mbaazi. Tumbaku yake huitwa dokha: majani makavu yaliyopondwa na kuchekechwa, yasiyotiwa asali, matunda wala kitu kingine. Mtu huvuta pumzi moja, labda mbili, na kiko kimekwisha. Nilivuta moja. Kumbukumbu yangu inayofuata ni ya sakafu, ambayo ilikuwa ya vigae vya kijani, na ya uso wa Haji Rostam ukinitazama kutoka juu bila huruma na bila kicheko.

"Sasa umeijua," alisema. "Mteja akikuuliza, hutamwambia umeambiwa."

Sijapata mwalimu mwingine aliyenifundisha kwa maneno machache kiasi hicho. Ningewafundisha jiografia kwa njia hiyo, wanafunzi wangu wangelijua jangwa.

Alinifundisha kazi yote kwa miaka iliyofuata. Majani yalikuja katika magunia, mengine kutoka milimani Ras al-Khaimah na Oman, mengine kutoka kwao. Tuliyapanga kwa ukali: baridi, wastani na moto. Mchanganyiko wa duka, uliotuletea wateja kutoka pande zote za mji, ulikuwa na majani ya aina nne, na uwiano wake sitauandika, kwa sababu si mali yangu. Majani yalichanganywa kwanza yakiwa mazima, yakapondwa, kisha yakapita kwenye chekeche ya mwisho juu ya sinia pana la shaba. Baada ya hapo hakuna mkono ulioruhusiwa kulivuruga fungu lile, maana kila ukiligusa linazidi kuwa vumbi, na vumbi huziba kiko.

Chekeche hiyo ilikuwa ya waya wa shaba uliofumwa kwa mkono, na duara lake la mti wa mforsadi. Haji alichekecha kwa kuigonga ubavuni kwa kiganja, pale pale kila mara, hata mti ukawa na alama ya mkono wake. Alisema aliikuta kwa baba yake. Alisema pia kwamba itatuzika sote.

Kanuni zake zilikuwa chache, nami nilizishika kama nilivyozipokea. Usionje baada ya kahawa. Usijipake udi siku ya kazi. Mke wangu alilalamika miaka mingi kwamba ameolewa na mwanamume anayenuka majani makavu kwenye harusi za watu. Usianze na moto ukarudi kwenye baridi, kwa kuwa ulimi uliokwisha kuungua hausemi kweli. Na tumbaku ya kuonja itoke katikati ya fungu, kwenye moyo wake, ambako aina zote nne zimekutana. Kutoka hapo hapo katikati nilijaza pia mtungi wa kioo uliokaa kaunta, ambao wateja walionjea kabla ya kununua. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya duka: hakuna aliyeuziwa chupa ya tumbaku kabla ya kuvuta kiko kimoja mbele yetu, akiwa ameketi.

Sharti la kuketi lilikuwa na sababu. Siku moja waliingia Wakenya wawili waliokuwa wakiishi minara ya Al Nahda. Mmoja alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo, mwenye mikono ambayo mimi ningeitumia kama miguu.

"Mzee, nipe ile kali kabisa," alisema.

"Tunaanza na baridi."

"Baridi ni ya watoto. Mimi nanyanyua kilo mia na ishirini."

"Hii hainyanyuliwi. Keti."

"Nitasimama tu, mzee."

Alisimama kwa muda wa pumzi moja. Kisha alishuka taratibu, mgongo ukiteleza kwenye rafu, mpaka akakaa juu ya katoni ya viberiti. Mwenzake alimwinamia akamuuliza kwa upole mkubwa: "Bosi, huko ulikoenda, umewakuta wazee wetu? Wanasemaje?" Nilimpa maji na kipande cha tende. Alinunua chupa ya baridi akaondoka, na kwa niliyoyaona mimi hakurejea.

Nitasema jambo moja la haki kuhusu bidhaa yetu, kwa kuwa nimeishughulikia muda mrefu: sijawahi kuona mtu ambaye tumbaku imemfanyia wema wowote. Niliwauzia watu walichokitaka, nami nilijitahidi kiwe kile kile walichokitaka jana. Kazi ya mchanganyaji haizidi hapo.

Haji Rostam alipozeeka alirudi kwao kwa matibabu. Habari za kifo chake nilizipata kwa simu kutoka kwa mpwa wake. Kwa hiyo hilo nimelisikia, sikuliona. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba kigoda chake kilibaki kitupu na chekeche ikawa mikononi mwangu. Niliigonga alipokuwa akiigonga, juu ya alama ya kiganja chake.

Mwenye duka wa kwanza naye alifariki, hilo nililiona, nilibeba jeneza. Duka akalishika mwanawe, Bwana Khalfan, ambaye kama wafanyakazi wengine nilimwita arbab, yaani bwana mwajiri. Mama yake Bwana Khalfan alilelewa Unguja, na kwa hiyo yeye alikuwa na Kiswahili cha mama: kizuri kwa chakula na kwa kugomba, kifupi kwa mengineyo. Ni yeye aliyemwajiri Kemunto.

Kemunto alitoka Kisii. Alikuwa mama wa watoto wawili waliokuwa kwa bibi yao, akikaa chumba cha kushirikiana Karama, na kazi yake ilikuwa kuuza na kupakia chupa. Hakuvuta. Alikuwa mtu wa kanisa na alilisema hilo siku ya kwanza bila kuulizwa.

"Mimi nitauza, mzee, lakini kuvuta sivuti. Mungu anajua nina karo ya kulipa."

"Utamwambiaje mteja habari za kitu usichokijua?"

"Nitamwambia akuulize wewe."

Nililiona jibu hilo kuwa la haki. Kisha nikagundua kwamba aliijua tumbaku kwa njia yake. Aliisugua kwenye kiganja, akaisikiliza, ndiyo, akaisogeza karibu na sikio, halafu akainusa mara moja tu. Alikuwa amefanya kazi miaka saba katika kiwanda cha chai kwao, kwenye mashine za kuchambua, na huko, alisema, jani bovu lina sauti.

Alikuwa na wiki sita dukani aliponijia na chekeche mkononi.

"Mzee Nassor, hii chekeche yenu imeisha."

"Imeisha vipi, nawe umeishika?"

"Aki si kuisha hivyo. Waya zimefunguka huku kando. Kule kiwandani tungekuwa tumeitupa kitambo."

"Binti, chekeche hii ina umri mkubwa kuliko wako."

"Si ndiyo hiyo shida yenyewe, mzee?"

Nilimwambia airudishe msumarini. Sikuitazama. Naomba wanaosoma wazingatie sentensi hiyo fupi, kwa kuwa yaliyofuata yote yalitoka humo. Mimi niliyewakemea watu maisha yangu yote kwa kusadiki wasiyoyaona, nilisadiki kwamba waya ni mzima kwa sababu marehemu aliniambia utatuzika sote.

Malalamiko yalianza baada ya miezi michache. Wa kwanza alikuwa Abu Majid, afisa mstaafu wa bandari, mteja tangu enzi za Haji, mtu asiyezidisha maneno. Aliweka chupa yake juu ya kaunta.

"Ya Ustadh, ninachoonja hapa na ninachovuta nyumbani si kitu kimoja. Hapa laini. Nyumbani inanikwaruza koo kama nimemeza ufagio."

"Labda kiko chako ni kichafu."

"Wallahi, nimenunua kipya."

Akaja wa pili, wa tatu. Halafu uvumi ukaanza, na uvumi una tabia ya kumtafuta mgeni. Muuza simu wa jirani alisema amesikia kwamba Kemunto ana tumbaku hafifu anayoinunua Ajman, huitia kwenye chupa na kuuza nzuri kando. Nilimuuliza ameiona? Hakuiona. Nani amemwambia? Mtu. Nilimtoa dukani.

Nilifanya nilichokiona kuwa ni haki. Asubuhi, kabla ya kahawa, nilivuta kiko kimoja kutoka kwenye sinia, katikati ya fungu. Kilikuwa safi. Nikangoja mpaka ulimi utulie, nikavuta kingine kutoka kwenye chupa aliyoipakia Kemunto siku ile ile, kutoka kwenye sinia lile lile. Kilikwaruza. Nilirudia siku tatu, na siku zote tatu matokeo yalikuwa yale yale. Siku ya nne Bwana Khalfan aliniita ofisini akaniuliza, nami nilimjibu kwa ukamilifu: kwenye sinia tumbaku ni nzuri, kwenye chupa ni mbaya.

"Na kati ya sinia na chupa kuna nani?"

"Kemunto."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Kila neno nililolisema lilikuwa kweli. Bwana Khalfan akawapigia simu watu wa ofisi ya uchapaji, wale wanaoshughulikia makaratasi ya wafanyakazi, akawaambia watayarishe kufuta visa. Kisha akamwita Kemunto.

Nilikuwapo, kwa hiyo naandika yaliyosemwa. Alisimama mlangoni, koleo dogo la kupakilia bado lipo mkononi. Bwana Khalfan hakuinua macho.

"Kemunto, khalas. Kesho mtu wa ofisi atakuletea karatasi, utaweka sahihi, utarudi kwenu."

"Arbab, nimefanya nini?"

"Unaharibu tumbaku. Ustadh ameonja."

Alinigeukia. Nilitarajia kilio, au kiapo. Nimeviona vyote katika ofisi ile. Hakuleta hata kimoja. Aliuliza maswali, kama mtu anayechambua majani.

"Mzee Nassor, wewe ni mtu wa kusema umeona. Uliniona nikitia kitu kwa chupa?"

"Sikukuona."

"Sawa. Hiyo ya sinia ulionja, ulitoa upande gani?"

"Katikati. Daima ni katikati."

"Na mimi nachota wapi?"

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake miezi yote ile.

"Sijui," nilisema.

"Hujui. Mimi naanzia kando, mzee, kwa sababu mlinikataza kuvuruga fungu. Katikati ni ya mtungi wako. Mimi nabakiwa na kando. Kila siku kando." Akamtazama Bwana Khalfan. "Na nilishasema habari ya ile chekeche. Nikaambiwa ni kubwa kwangu kwa umri."

Nilimwomba Bwana Khalfan anipe muda mpaka sala ya alasiri. Alisema hana haja ya muda, ushahidi ninao mimi. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuuomba.

Nilikwenda nyuma, nikalikuta sinia la asubuhi. Nilichukua tumbaku ya ukingoni, upande wa kulia, nikaijaza kwenye kiko, nikavuta. Ufagio wa Abu Majid ulikuwa humo. Niliitandaza nyingine juu ya karatasi nyeupe nikavaa miwani: vikonyo, vile vijiti vidogo vya katikati ya jani ambavyo chekeche imewekwa duniani kuvizuia. Vilikuwa vingi. Niliitandaza tumbaku ya katikati: hapakuwa na kimoja. Kisha, mwisho, nikafanya lililopaswa kuwa la kwanza. Niliitoa chekeche msumarini, nikainua mbele ya dirisha. Kando, chini ya alama ya kiganja, waya zilikuwa zimeachana kwa kugongwa pahala pamoja maisha ya watu watatu. Niliingiza njiti ya kiberiti. Ilipita bila kugusa kitu, na kichwa chake kikiwamo.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu hili ndilo kosa ambalo watu wa kazi yetu peke yao wangeweza kulifanya, nanyi mtalifanya tena msipojihadhari. Tulionja mahali palipofundishwa, nasi tulionjesha wateja mahali hapo hapo. Kanuni ya kuonja moyo wa fungu ilificha ugonjwa wa ukingo, na yule tuliyemkabidhi ukingo ndiye tuliyemshitaki.

Nilirudi ofisini na karatasi mbili, chekeche na njiti. Bwana Khalfan alitazama vyote, naye si mjinga. Akafunga mlango.

"Ustadh, sikiliza. Tunanunua chekeche nyingine leo. Msichana aende, ameshajua anaondoka. Wateja wataona mbaya katoka, tumbaku imerudi sawa. Yalla, yamekwisha. Wewe heshima yako inabaki."

"Na yeye?"

"Atapata kazi pengine."

"Kwa visa ipi, arbab?"

Alisema kwamba nikitoka pale nikawaambia wateja nimewavutisha vijiti, mimi nitakuwa mzee aliyepoteza ulimi wake, na duka litakuwa duka la mzee huyo. Sikuweza kumwambia amekosea. Nilikuwa na muda wa kufikiri kiasi cha kukunja karatasi mbili, na sitadai kwamba nilifikiri kwa ushujaa. Nilifikiri juu ya jina langu, nililolijenga kwa kukataa maneno ya watu, na jinsi ambavyo maneno haya sasa yangekuwa ya kweli. Kisha nikamwambia kwamba neno "peke yake" nililitamka mimi, na kwa hiyo ni langu kuliondoa.

Abu Majid alikuwa kaunta, pamoja na watu wengine watatu wanaosubiri kuonja. Niliweka chekeche juu ya kioo. Nilieleza kwa Kiarabu, polepole, kama darasani: kosa ni la chekeche, na chekeche ni ya mchanganyaji, na mchanganyaji ni mimi. Bibi huyu alinionya, sikusikiliza. Hakuna kilichotiwa kwenye chupa zenu isipokuwa nilichokichekecha mimi.

Abu Majid alichukua njiti akaipitisha kwenye tundu, akaivuta, akaipitisha tena.

"Ya Ustadh. Miezi miwili umenivutisha vijiti?"

"Miwili ninayoijua. Inawezekana ni zaidi."

"Nami nikamlaumu daktari wa koo!"

Mmoja wa waliokuwa wakisubiri alicheka. Mwingine alirudisha kiko mezani akatoka, na huyo hajarudi. Abu Majid akamgeukia Kemunto akamuuliza kwa Kiingereza kama kuna chupa moja yenye tumbaku ya katikati. Kemunto alisema hakuna, bwana, labda kesho.

Bwana Khalfan alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitoa simu mfukoni, akapiga. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: "Ile karatasi ya msichana... La. Simamisha. La, hakuna kosa. Nimesema hakuna kosa." Upande wa pili walijibu nini, sijui. Ninachojua ni kwamba kesho yake hakuna mtu wa ofisi aliyeleta karatasi, wala kesho kutwa.

Kemunto hakunishukuru, wala sikuwa nimefanya lolote la kushukuriwa. Jioni, tukifunga, alikuwa akifuta kaunta.

"Nilikuambia, mzee."

"Uliniambia."

"Wiki ya sita."

"Ya sita, ndiyo."

"Basi." Akaendelea kufuta. Kisha akasema, bila kuniangalia: "Watoto wangu nilikuwa nimeshawaandikia. Sikuwa nimetuma, lakini nilikuwa nimeandika."

Chekeche mpya ilitoka Sharjah, ya chuma kisichoshika kutu, isiyo na alama ya mkono wa mtu. Niliitazama mbele ya dirisha kila asubuhi kabla ya kuitumia, na nawashauri mfanye hivyo hata kama mtengenezaji amekula kiapo. Nilibadilisha pia kanuni. Kuonja kulikuwa mara tatu: katikati, ukingo, na ndani ya chupa iliyokwisha kupakiwa. Mtungi wa kaunta ulijazwa na Kemunto, kutoka popote koleo lake lilipoangukia. Baadhi ya wateja walipungua kwa muda. Abu Majid aliendelea kuja, na kila alipoingia aliniuliza kama leo kuna kuni.

Nilikaa mwaka mmoja zaidi, kisha nikaomba kupumzika. Nasema niliomba, barua niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu, nayo ilikuwa barua pekee ndefu niliyoiandika katika kazi niliyoajiriwa kuandika barua. Bwana Khalfan aliniuliza nani achanganye. Nilimwambia jina. Alisema yule havuti. Nilimwambia mimi nilivuta na bado vijiti vilinipita, naye akakumbuka.

Asubuhi ya Alhamisi ya mwisho nilichanganya tumbaku ya duka kama kawaida. Nilipima aina nne, nikaponda, nikachekecha, nikaonja mahali patatu nikaridhika. Nilimsogezea Kemunto sinia. Alichota ukingoni, akasugua kwenye kiganja, akasogeza sikioni, akanusa mara moja. Akalisukuma sinia kurudi upande wangu.

"Hii sipakii, mzee."

"Ina nini?"

"Jani la moto lina unyevu. Sikia." Akanisogezea kiganja chake sikioni. Sikusikia kitu. "Hulisikii, lakini lipo. Kesho litashikana kwa chupa. Rudia."

Mteja mmoja alikuwa ameketi akisubiri. Nililitandaza jani la moto juu ya karatasi karibu na dirisha, nikalingoja hadi adhuhuri, nikapima upya, nikachekecha upya. Akachota, akasugua, akasikiliza. Alichukua chupa ya kwanza akaijaza, akafunga kifuniko.